Kata Isiyofukizwa

Andika. Mimi ni Mwanajuma binti Haji. Baba yangu ni Haji Vuai, mchoma chokaa, na mama yangu ni Mize binti Khatibu, mpiga usumba. Wote wawili ni watu wa Chwaka, nami nimezaliwa Chwaka hapo hapo, katika nyumba iliyonuka moshi wa tanuri upande mmoja, na upande wa pili ikanuka makumbi ya nazi yaliyozikwa katika tope la pwani. Mama aliyafukua yakiwa yameoza, akayapiga kwa gongo mpaka yakatoka nyuzi. Nyuzi hizo ndizo usumba, na nitazirudia. Skuli sikuiona ila kwa nje. Kwa hiyo wewe, Rahma, utaandika, mimi nitasema, na usinirekebishe. Nikisema kasiki, usiniandikie chombo.

Naanza na kilio chako cha juzi. Ulichimba shimo uani, ukalisakafia kwa sementi, na sementi haijamaliza hata kutoa jasho ukalijaza maji. Siku ya pili ukaja na samaki wekundu ndani ya mfuko wa plastiki, umewabeba kifuani kama mwali anayepelekwa kwa mumewe. Ya tatu ulikuwa umekaa kizingitini unalia, na wale wanaelea matumbo juu. Ukasema ni jicho la jirani. Jirani yule haoni hata mlango wake mwenyewe. Ataonaje samaki wako? Hawakufa kwa husuda. Wamekufa kwa haraka. Na ile pampu uliyojisifia, umeme ulipokatika ilikaa kimya kama mgeni aliyekwisha kula.

Laiti ungeniuliza. Lakini ninyi vijana mnauliza simu kwanza, bibi mnamuuliza baada ya maiti. Basi sikilizeni, wewe na wenzako mtakaosoma.

Miaka ile ya hamsini, kabla ya Mapinduzi, nyumba kubwa za Mji Mkongwe zilikuwa na birika uani, yaani hodhi lililojengwa kwa mawe na chokaa, na wenye nyumba walishikwa na homa ya kufuga samaki wa dhahabu. Waliletwa melini kutoka Bombay. Jina lao ni la dhahabu, ingawa sijamwona sonara hata mmoja akiwanunua. Fundi wa mabirika hayo alikuwa Ami Kombo, kaka mkubwa wa baba yangu, mzee mwenye pua iliyojulikana mji mzima. Akinusa maji tu, alikwambia ndani yake mna nini.

Ukiuliza kazi hii ilimfikiaje mwanamke, jibu langu ni hodi. Uani ndiko wanawake wa nyumba walikokaa bila ya buibui. Fundi mwanamume akifika hupiga hodi, kisha hungoja. Ndani mbio zinaanza: huyu anatafuta kanga, yule yumo katikati ya kusuka nywele, na bi mkubwa ameamua hina yake ikauke kwanza. Ami Kombo alikuwa akisema kwamba amepata kupiga hodi samaki wakiwa wagonjwa, akakaribishwa wakiwa maiti. Mwisho alichoka. Akaja Chwaka kumwomba mdogo wake mtoto wa kike mwenye macho na asiyependa maneno. Macho nilikuwa nayo.

Baba alinitoa kwa sharti, na sharti hilo mlishike, kwa maana mambo yote yanarudi hapo. Mwenye tanuri alilofanyia kazi baba alikuwa amekwisha kuniposa. Mtu huyo alikuwa amezika wake wawili na kumchosha wa tatu, na mkono wake haukujua kushuka polepole. Baba hakumpenda, lakini hakuwa na ubavu wa kumwambia hapana bila ya sababu. Akamwambia Ami: "Kaka, nakuazima. Madhali anakufaa kazini, nna la kumjibu yule bwana. Siku utakayoniambia humhitaji, nnamchukua, na ndoa inasomwa." Nikaenda mjini na kitumba kimoja cha usumba na maneno hayo.

Mafunzo yangu yalikuwa ya makelele. Ami aliketi ukumbini penye mlango, mgongo ameuelekeza uani, pazia limeshushwa. Mimi nilikuwa ndani.

"Mwanajuma!"

"Naam, Ami!"

"Wanahema juu au chini?"

"Juu. Wanafungua midomo kama watu wanaogombana bila ya sauti."

"Wamekosa hewa hao. Teka maji uyamwage kutoka juu. Mwaga kama mwenye hasira."

"Nna hasira kweli, Ami. Nimepiga magoti tangu asubuhi."

"Vyema. Itumie."

Kisha nilimpelekea maji kwa kata, hiki kifuu cha nazi chenye mpini wa mti, nikaipenyeza pembeni mwa pazia. Ami alinusa, akagusa kwa ncha ya ulimi, akatoa hukumu. "Umewalisha mno." "Kuna jani limeoza chini ya ngazi." Nikitazama, jani lipo. Wanawake wa nyumba wakasema mashaallah, na Ami kule ukumbini akakohoa kikohozi cha mtu anayejifanya hakusikia sifa.

Chujio letu lilikuwa kasiki kubwa la udongo lililotobolewa chini na kuwekwa juu ya ukingo wa birika. Chini yake kabisa kokoto. Juu ya kokoto mchanga mkubwa uliooshwa mpaka maji yake yanyweke. Juu ya mchanga makaa ya vifuu. Na juu ya yote usumba wa mama yangu. Niliteka maji kutoka chini ya birika, ambako taka hulala, nikayamimina juu ya kasiki. Yakashuka yamechujika, yakadondoka birikani yamebeba hewa. Pampu ilikuwa mkono huu unaouona umepinda. Haukukatika hata siku moja.

Usumba ukijaa taka, usiufue. Mimi niliufua mara moja, kwa sabuni, nao ukawa mweupe kama ndevu za haji. Nikajisifu. Siku chache baadaye maji yakawa kama tui lililochacha. Ami akaniuliza nyuma ya pazia: "Umewafukuza vibarua wote kwa pamoja, sasa kazi ataifanya nani?" Ule utelezi wa kahawia katika nyuzi, unaofanana na wa bamia, ndio unaosafisha maji. Suuza kidogo tu, tena kwa maji ya birika lile lile. Utelezi wa bamia ni uhai. Utelezi wa sabuni ni mauti. Hilo nalo liandike, maana wewe ni mtu wa kusugua.

Sasa nakuleta mtaa wa Kiponda, nyumbani kwa Bi. Zuwena. Huyu alikuwa mama mkarimu na mwenye kiburi, na vitu viwili hivi kwake vilikuwa kitu kimoja. Jirani wa mkabala naye alikuwa na birika, na wanawake hawa wawili walishindana kwa samaki kama wengine wanavyoshindana kwa watoto. Jirani akiongeza, Bi. Zuwena huongeza. Nikimwambia wamezidi, maji hayawatoshi, hujibu: "Mbona wao hawalalamiki?" Akawalisha visheti. Akawalisha halwa. Samaki huyu hana haya, Rahma. Hula mpaka afe, kisha lawama humpata aliyesafisha.

Ikaingia Ramadhani. Kama ada, nyumba zote zikapakwa chokaa kuingojea Sikukuu, na Bi. Zuwena akapata wazo.

"Lipakwe na birika," akasema, "ndani mpaka chini. Jirani yangu ametia vigae vya kijani, samaki wake hawaonekani. Wangu wataonekana wekundu juu ya weupe."

"Bi mkubwa, chokaa mbichi inaua," nikamwambia.

"We mwana wa mchoma chokaa, unaitukana kazi ya baba yako?"

"Naijua ndiyo nikasema."

"Basi ijue kimya kimya."

Likapakwa. Nikawahamisha samaki katika mitungi iliyopangwa chini ya ngazi, na birika nikalijaza, nikalimwaga, nikalijaza tena, kwa maana chokaa huvuliwa kwa maji na kwa subira. Maji nilikuwa nayo. Subira ilikuwa mali ya Bi. Zuwena, na yeye hakuwa nayo. Sikukuu ilipokuwa imebaki siku za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, akanisimamia kichwani baada ya alasiri.

"Waingizwe leo. Wageni wangu wote nshawaambia. Mwite ami yako anuse, tumalize."

Ami akaja, akaketi mahali pake, pazia likashuka. Kumbukeni kwamba ilikuwa Ramadhani. Siku nyingine angegusa maji kwa ulimi, lakini ulimi ulikuwa umefunga pamoja na mwenyewe. Pua tu ndiyo iliyobaki kazini.

Nikanyoosha mkono kuchukua kata yangu iliyokaa juu ya kasiki. Bi. Zuwena akanizuia.

"Kata hiyo inanuka shimo. Ami yako ni mgeni mlangoni pangu. Chukua hii."

Akanipa kata ya maji ya kunywa. Ninyi mnaokunywa maji ya chupa hamjui: wakati ule mitungi na kata za futari zilifukizwa kwa ubani kila jioni, maji yakawa na harufu nzuri. Bi. Zuwena aliona aibu kubwa maji kutoka nyumbani kwake bila ya kufukizwa, hata yakiwa ni maji ya samaki. Nikachota, nikapenyeza. Ami akavuta pumzi ndefu.

"Maji mema," akasema. "Mema sana, mashaallah. Watie."

"Umesikia?" akasema Bi. Zuwena, na tayari alikuwa amekwisha kuinamia mtungi wa kwanza.

Nami nilikuwa nimesimama, vidole vyangu vimelowa. Nikavisugua. Vikateleza kama nimeshika sabuni. Tangu utoto wangu nilijua utelezi ule. Ulikuwa katika mikono ya baba kila jioni, na ngozi yake ikipasuka baadaye kama tope lililokauka. Maji yale yalikuwa chokaa tupu.

Nifikirieni pale. Nikitii, samaki watakufa, na msichana aliyeua samaki wa Kiponda nzima hana wa kumhitaji. Nikisema kwa sauti kwamba Ami amekosea, nimemvunjia heshima mbele ya wanawake watakaoipeleka habari kwa jirani kabla ya futari, naye ndiye ukuta pekee uliosimama baina yangu na yule mwenye tanuri. Njia zote mbili zilikwenda Chwaka.

"Bi mkubwa, ngoja kidogo," nikasema. Nikatia mkono birikani, nikaukunja, nikaenda nao mbio mpaka penye pazia.

"Ami, nipe mkono wako."

"Mkono wa nini? Pua yangu haikukutosha?"

"Imenitosha, Ami. Mkono ni wa ziada."

Akautoa pembeni mwa pazia huku akinung'unika. Nikammwagia maji yaliyobaki katika kiganja changu. Nikaona kidole gumba chake kikisugua kidole cha shahada, mara moja, kisha polepole. Alikuwa ndugu wa mchoma chokaa. Amekula katika sahani moja na mikono ile. Kidole kikasimama. Akaichukua tena kata, akainusa ikiwa tupu, na nikasikia pumzi yake ikirudi ndani.

"Bi. Zuwena!" akaita. "Usiwatie!"

"Alaa! Sasa hivi umesema mema!"

"Mema kwa kunusa. Sikusema mema kwa kuishi."

"Kombo, unanifanyia mzaha mimi na saumu yangu?"

"Bi mkubwa, maji haya ukimtia mwali yatamtakasa, ukimtia samaki yatamzika. Chagua unapika harusi au matanga."

Bi. Zuwena akauweka mtungi chini kwa kishindo, akasema kwamba ukoo wetu wote umeumbwa kumtesa. Lakini akauweka.

Birika halikuwahi Sikukuu. Wageni wakawa wanakuja, na pale uani pana shimo jeupe lenye maji matupu. Nikamwomba Bi. Zuwena mabakuli yake ya kaure, nikayapanga juu ya ukingo kulizunguka birika, na katika kila bakuli samaki wawili. Wanawake wakaingia na manukato yao, wakasimama. Hakuna aliyeuliza kwa nini birika ni tupu. Waliuliza mabakuli yamenunuliwa wapi. Bi. Zuwena akasema, bila ya kupepesa jicho, kwamba siku hizi Bombay ndivyo wanavyofanya. Jirani wa mkabala, Sikukuu iliyofuata, alimwaga birika lake zima akapanga mabakuli. Nyuma yake wakafuata wengine. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikatoka machozi.

Mimi nilicheka, lakini Ami aliharibu mambo. Barazani watu walikuwa wamesikia kwamba Kombo amewaokoa samaki wa Bi. Zuwena, nao wakasema, "Pua hiyo!" Ami hakusema ndiyo, wala hakusema siyo. Alikohoa kile kikohozi chake. Siku ya pili ya Sikukuu pua yake ilikuwa imekwisha kunusa chokaa kutoka msikitini, na kabla ya jua kuchwa nikasikia kwamba ilinusa kutoka mtaa wa Malindi.

Jioni hiyo baba akaja kutoka Chwaka kumwamkia kaka yake. Wakaketi ukumbini kwa Ami. Mimi nimesimama na sinia la kahawa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Haji. Habari za tanuri?"

"Njema. Mwenye tanuri anakusalimu sana." Baba akatazama kikombe chake. "Kaka, njia nzima nnasikia sifa za pua yako. Nimefurahi. Tena nimeona haya, mtu mwenye pua kama hiyo kumwekea msichana kazini. Humhitaji. Yule bwana ameniuliza tena, nami sina la kumjibu. Kesho nnaondoka naye."

Nikamtazama Ami. Ami alijua, na mimi nilijua kwamba anajua. Kuniweka, ilimpasa aitoe kafara ile pua mbele ya mdogo wake, ambaye yeye Ami tangu utotoni alikuwa akimwambia kwamba hana akili. Akanywa kahawa. Akaomba nyingine. Akainywa nayo, na ilikuwa ya moto, nadhani iliunguza kitu.

"Haji," akasema, "ile pua ilisema watiwe."

"Vipi?"

"Waliifukiza kata kwa ubani, pua yangu ikaona imeingia peponi. Ikasema maji mema. Mtoto huyu ndiye aliyenipa maji mkononi, mithili ya mama anayemnawisha mtoto, ndipo nikayajua." Akageuka kunitazama kwa ukali, kana kwamba kosa lote lilikuwa langu. "Pua yangu imezeeka. Sasa nna vidole, na vidole vyangu haviozwi Chwaka. Kamwambie hivyo yule bwana wako, na akitaka kunijibu, aje. Nitamwambia apige hodi, angoje."

Baba alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mimi sikucheka. Nilienda kutia maji jikoni kwa kuwa macho yalikuwa yananiwasha, na moshi haukuwako.

Baada ya siku ile Ami hakunusa tena kabla ya kuuliza, "Vidole vinasemaje?" Nilifanya kazi ile mpaka mabirika yalipojazwa udongo na kupandwa asumini. Pale barazani hawakuacha kuisifu pua ya Kombo, na yeye hakuacha kukohoa.

Sasa ya kuweka. Kata iliyotundikwa nyuma ya mlango wa jiko ni ile yangu, iliyonuka shimo. Uichukue. Usiioshe kwa sabuni, usiipake rangi, na usiifukize hata siku ya harusi yako. Kasiki liko chini ya ngazi. Tundu lake usilizibe kwa kudhani limepasuka. Usumba utaupata Chwaka, bado wanawake wanapiga. Mabakuli mawili ya kaure aliyonipa Bi. Zuwena ukitaka uza, ukitaka vunja, hayajui kitu. Pampu yako mrudishie aliyekuuzia.

Kisha limwage shimo lako, ulijaze, ulimwage, ulijaze, na usiniletee habari za samaki kwa mdomo, wala kwa picha. Ukiona limekuwa tayari, chota kwa kata ile, uje hapa kitandani, unimwagie mkononi.